Bibi yangu asiyeona, na kijiji nilichomtengenezea kwenye ungo wa mama

Wakuu, habari za mchana. Walio rika langu humu ndani nawapa pole ya magoti. Wadogo, marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia.

Mimi ni mama mstaafu, mzaliwa wa Lushoto upande wa Malindi, ile ya kwetu milimani. Huwa nasoma nyuzi za watu na kunyamaza zangu. Leo nimeshindwa.

Ninachoandika hapa nimekishika kwa mikono hii. Najua humu mtu akitia chumvi mnamwambia "hiyo chai". Kwetu chai inalimwa kweli, ila hii si chai.

Kilichonichokoza ni mjukuu wangu. Shule imewapa project: watengeneze model ya mtaa wao kwa kutumia takataka za nyumbani. Mama yake akaenda dukani kununua maboksi mapya. Kununua takataka, jamani! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu kicheko kikakatika, maana nilimkumbuka Bibi.

Twende taratibu.

Bibi alikuwa mama yake baba. Macho yalimwisha kabla mimi sijazaliwa. Tuliishi juu mgongoni mwa mlima, kaya nne tu zimetawanyika ndani ya migomba, na huko juu Bibi hakuhitaji mtu. Chemchemi anakwenda peke yake. Shambani peke yake. Kwa rafiki yake Bi Zuhura anakwenda, anapiga soga, anarudi na mboga kwenye upande wa kanga.

Mgeni alikuwa hajui kama haoni mpaka ampe mkono wa salamu na Bibi aupapase hewani.

Fimbo alikuwa nayo. Ya kufukuzia mbuzi.

Sasa ukaja ule wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Vijiji vingi vya kwetu viliandikishwa pale pale vilipokuwa, lakini sisi wa mgongoni tuliambiwa tushuke, tukajenge chini kando ya barabara. Nyumba kwa mistari, zote sawa, bomba la maji katikati, zahanati itafuata.

Sitaki tugombane siasa kwenye uzi huu. Bomba lilikuwa jambo jema. Mama yangu alikuwa amechoka kubeba maji mlimani, na mwinjilisti wetu alishangilia kanisa kusogea karibu na watu. Kila mtu alikuwa na lake.

Bibi alikataa.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Yeye ndiye aliyepita kaya kwa kaya akiwahimiza watu washuke, na mama yake mzazi amekaa mlangoni anamenya maharage, hana habari. Watu walianza kusema pembeni. "Balozi anahamisha mama za wenzake."

Siku moja baba alimwendea, akachuchumaa mbele yake. Walizungumza Kishambaa, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Mama, kule kila kitu kiko karibu. Mtoto atakushika mkono popote unapotaka kwenda."

"Ndicho ninachokikataa hicho," Bibi akasema. "Kijiji sikikatai. Huku natembea. Kule mtanigeuza mzigo. Nitakaa ndani nikisubiri mtoto atoke shule ndipo niende chooni?"

 Baba akainuka akaenda kupasua kuni zilizokwishapasuliwa.

Nilikuwa darasa la tano, miaka kumi na miwili. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi na nilimpenda kuliko mtu yeyote, sioni aibu kusema. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba nyumba nyingine zitashuka, na yeye ataachwa kule juu peke yake, au ashushwe kwa nguvu akafie ndani ya nyumba asiyoijua.

Shuleni mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na meza ya mchanga. Tulichora humo milima na mito kwa vidole. Nikawaza: kama mimi nimejifunza mto kwa kidole, Bibi kwa nini asijifunze kijiji?

Nikachukua ungo wa mama.

Bila kuomba, ndiyo. Alipougundua umejaa udongo alisema, "Sasa mchele nitapepetea kichwani kwako?" Lakini alipojua ni kwa ajili ya nani, hakuugusa tena. Alikwenda kuazima wa jirani.

Vifaa vyangu, kwa wanaotaka kujua. Udongo wa kichuguu niliochekecha. Viberiti vitupu vya nyumba. Magunzi ya mahindi niliyoyakata vipande kwa nyumba zilizobaki, maana viberiti havikutosha. Uzi wa katani wa njia. Kifuniko cha soda cha bomba. Kopo la maziwa nililolikunja kwa jiwe likawa kanisa. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga, na panya walinitambua siku ile ile.

Kila nilipotoka shule nilipita kiwanja cha kijiji kipya, nikahesabu hatua. Nyumba zilikuwa hazijaisha, zingine vigingi tu ardhini. Mlangoni kwetu hadi bombani, hatua kadhaa. Bombani hadi kwa Bi Zuhura, kadhaa. Naandika kwenye kiganja kwa kalamu, jasho linafuta, narudi kuhesabu.

Kazi ikaisha. Nikampelekea.

Wakuu, nilijiona fundi! Bibi akaweka vidole kwenye ungo, akaanza kupapasa. Akatambua kiberiti, akacheka. "Nyumba yangu ina harufu ya baruti." Akapapasa mstari wa kwanza, mstari wa pili, bomba, kanisa.

Kisha akasimamisha mkono.

"Mama," aliniita hivyo siku zote, "juu ni wapi?"

Nikamwambia hakuna juu, Bibi. Kule ni tambarare. Ukitoka mlangoni unakwenda kulia.

"Kulia ndiyo wapi?"

"Mkono wa kulia. Wa kulia chakula."

"Mkono nao naujua. Lakini mkono wangu nikigeuka nao unageuka. Juu haigeuki."

Hapa lazima niwaeleze ninyi wa nchi tambarare. Sisi watu wa milimani hatuna kawaida ya kulia na kushoto. Kila kitu kina upande wa juu na upande wa chini, hata benchi lililo ndani ya nyumba. Mume wangu ni mtu wa Pangani. Mpaka leo nikimwambia "sogea juu kidogo" kwenye kochi, anatazama dari.

Kwa Bibi haikuwa mazoea ya maneno tu. Miguu yake ilikuwa inasoma mteremko. Kisigino kikiwa chini ya vidole, anajua anaelekea kwa Bi Zuhura. Mguu mmoja ukiwa juu ya mwenzake, anajua yuko njia ya chemchemi. Na mimi, mtoto wa mlimani mwenzake, nimemtengenezea kijiji kwenye ungo ulio sawa kama meza.

"Nchi isiyo na juu mtu anaitembeaje?" akauliza. Hakuwa na ubishi. Alikuwa anataka kujua kweli.

Akanirudishia ungo taratibu, asije akauangusha. Nililia, wakuu. Siku kama sita hivi zilikuwa zimebaki tuhame.

Kesho yake nilikuwa napiga deki darasani. Nikamwaga maji kwenye sakafu ambayo siku zote naiona imenyooka, nikatazama yanakokwenda. Yalikwenda yote kwenye kona ya mlango, bila kuulizwa.

Nilipotoka shule sikupita nyumbani. Nilikwenda kiwanjani na kopo, nikachota maji kwenye mfereji, nikamwaga mbele ya nyumba yetu mpya.

Maji yalisimama kidogo. Kisha yakaanza kutembea. Polepole mno, lakini yakaelekea kanisani.

Juu ilikuwepo! Sisi wenye macho ndio tulikuwa hatuioni.

Nikawa namwaga kopo kwa kopo, njia nzima. Mafundi wakanicheka. Mmoja akaniita, "We mtoto, unaimwagilia barabara iote nini?"

Baba akanikuta hapo hapo. Alidhani namtia aibu mbele ya watu, uso ulikuwa umeshabadilika. Nikamweleza, kopo mkononi. Juu ni kwa Bi Zuhura, baba. Chini ni kanisani. Bombani ndipo njia inapoinama kidogo. Ni kwa ajili ya Bibi.

 Baba akaninyang'anya kopo, akaenda mferejini, akachota.

Tulimwaga maji mpaka njia zote zikaisha. Balozi mzima, anafukuzana na maji mbele ya mafundi. Hakuna aliyecheka tena.

Nikaufanya upya ungo. Nikajaza udongo upande mmoja, nikausugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mteremko ukawa ule ule wa maji. Nyumba zote zilikuwa sawa, kwa hiyo nikaziwekea alama: yetu kokwa ya pichesi juu ya paa, ya Bi Zuhura kifungo cha shati, ya mwinjilisti kipande cha mshumaa.

Nikampa Bibi tena. Alipitisha kiganja chote, kutoka ukingo mpaka ukingo, kisha akarudia.

"Ahaa. Kumbe ni nchi."

Siku zilizobaki alikuwa ananisumbua mimi. Choo kiko wapi? Sikuweka vyoo, wakuu! Kijiji kizima bila choo hata kimoja. Jalala je? Mbwa wa nani anafungwa wapi? Mfereji una daraja au unarukwa? Nilikwenda na kurudi kiwanjani mpaka kandambili ikakatika.

Siku ya kuhama, baba alipanda mwenyewe kutoa bati za nyumba yetu. Bibi hakutaka kusikiliza misumari ikitoka. Aliniambia, "Twende, mama."

Nilimshika mkono mpaka nyumba ya kwanza ya kijiji. Hapo akautoa.

Alisimama, akavua kandambili, akazibeba mkononi. Akakanyaga chini mara mbili tatu. Kisha akaanza kwenda. Watu waliokuwa wanapanga vyombo waliacha wakatazama. Mama aliziba mdomo kwa kanga. Bibi akapita bomba, akavuka mfereji pale penye ubao, akaenda mpaka mlangoni, akapiga hodi kwa sauti kubwa.

Mwinjilisti akafungua.

Alikuwa amepitiliza nyumba moja. Akapapasa fremu ya mlango, akasema, "Samahani, baba. Mshumaa sikuugusa vizuri." Akageuka, akashuka, akaingia kwetu. Kijiji kizima kilicheka na yeye akacheka zaidi. Mimi nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine.

Toka siku hiyo alikwenda alikotaka. Hakuna aliyemshika mkono mpaka alipougua uzeeni.

Ningependa kuishia hapo. Lakini niliahidi ukweli.

Miezi michache baadaye, Jumapili baada ya ibada, Bibi aliniita chumbani. Ungo ulikuwa mapajani mwake. "Lete udongo," akasema. "Weka na kwetu."

Nikamwambia kwetu kupo, Bibi, hii hapa kokwa.

"Kwetu. Kule juu."

Nikaketi nitengeneze nyumba niliyozaliwa. Nikashindwa. Sikukumbuka mlango ulitazama migomba au ulitazama njia. Sikukumbuka kaburi la babu lilikuwa karibu na jiko au na zizi. Nilikuwa na macho mawili mazima, na hata mwaka ulikuwa haujafika!

Bibi hakunigombeza. Alianza kunieleza, na mimi nikawa naweka. Mlango hapa. Mgomba mmoja, wa pili, hapa umelala. Babu hapa, kichwa upande wa juu. Udongo aliubandika mwenyewe, akaupandisha mpaka ukazidi ukingo wa ungo.

Baba akaingia kutafuta nyundo. Akaona. Akatambua kwa mtazamo mmoja, nikamwona anavyotambua, mkono ukabaki kwenye kizingiti. Ni yeye aliyezing'oa zile bati.

"Keti," Bibi akamwambia bila kugeuka. "Tumesahau jiwe la kunolea. Lilikuwa wapi?"

Baba alipiga magoti. Akaokota kijiwe sakafuni, akakiweka chini ya ukuta wa nyuma, pembeni kidogo, bila kusita. Kisha akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mtu mzima, na Bibi akamwekea mkono kisogoni.

Bibi hakuwa amesahau. Jiwe lile alilikalia kila jioni miaka yote ya maisha yangu.

Nilichojifunza, wakuu. Mimi nilihangaika Bibi ajue anakokwenda, na sijutii hata kopo moja la maji. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza anaacha nini, kwa sababu hakuwa analia. Mtu akikubali kuhama msidhani amemaliza kuhama.

Sasa zamu yenu. Fumba macho hapo ulipo, fikiria nyumba ya wazazi wako ya utotoni: mlango ulifunguka kuelekea wapi, na nani alikaa upande gani wa moto? Andika hapa chini. Na ukikuta hukumbuki, kama yupo wa kumuuliza, mpigie leo.