H ya Taata

Koti la Taata lilinuka chaki na moshi wa jikoni. Asubuhi za mvua, tulipopita kati ya migomba kwenda shuleni karibu na Nshamba, harufu hiyo ndiyo iliyonitangulia njiani. Taata, yaani baba yangu, Mwalimu Leonsi, alifundisha Kiingereza katika shule ya kati. Alijifunza kwa padri mmoja Mfaransa, akakipokea kama alivyopewa. Padri hakuweza kutamka h, wala Taata hakuitamka. Nyumba ilikuwa "aus", kuku alikuwa "en", nasi tuliimba hivyo hivyo kwa sauti moja hadi wachuma kahawa wa jirani wakaitikia. Maji hufuata mkondo. Mgeni Mzungu alipofika kigangoni, Taata ndiye aliyeitwa kuzungumza naye, na siku hizo Mawe, mama yangu, alimpigia pasi shati mapema.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru alipokuja mkaguzi wa shule, kijana wa Bukoba, Mhaya mwenzetu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni Uingereza. Alikaa nyuma ya darasa akisikiliza. Taata alikuwa na furaha, akatusomesha kwa nguvu kuliko siku zote. Mkaguzi akainuka.

"Mwalimu, neno hilo ni hen."

"Ndivyo nilivyosema, bwana mkaguzi. En."

"Hebu sema Mhaya."

"Mhaya."

"Basi h unayo. Mbona huitumii?"

Mtoto mmoja alicheka, kisha darasa zima. Taata naye alitabasamu, akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tangu siku ile Taata aliiogopa h. Aliitia hata isipotakiwa; yai likawa "heg", na vicheko vikazidi. Nyumbani nilimsikia nyuma ya nyumba akijaribu maneno peke yake, akipumua kwa nguvu kama mtu anayepuliza moto. Mawe alinikataza kwenda huko.

Siku moja aliniita nisome mbele ya wenzangu. Nikasoma "en", kwa kusudi, kwa sauti kubwa. Wakacheka.

"Koku," akasema polepole, "soma kama alivyosema mkaguzi."

"Taata, wewe ndiye uliyenifundisha hivi."

"Hapa mimi ni mwalimu wako. Soma."

Nikasoma kwa h. Hakuna aliyecheka. Taata alikuwa akitazama dirishani, na nilipomaliza hakuniambia nikae. Nilikaa mwenyewe.

Muhula uliofuata alimwomba mwalimu mkuu ampe somo la kilimo na Kiswahili. Ujamaa ulipoanza kuhubiriwa, mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha mkutanoni akamsifu: huyu ameitupa lugha ya mkoloni kabla hata hatujaambiwa. Watu wakampigia makofi. Taata aliinamisha kichwa, akashukuru. Mimi na Mawe hatukupiga makofi.

Miaka mingi baadaye alilazwa hospitali ya Rubya. Daktari, Mzungu asiyekuwa Mwingereza, alimuuliza kwa Kiingereza kilichokwama hapa na pale maumivu yako wapi. Nilijua Taata ameelewa kila neno. Alinigeukia, akasema kwa Kihaya, "Mwambie ni kifuani." Nikamwambia.

Leo mjukuu wangu anasoma Bukoba mjini, shule inayofundisha kwa Kiingereza. Redioni nasikia Kiingereza cha Wahindi, cha Wanaijeria, cha Wachina, kila mtu na ulimi wake, na hakuna anayesimamishwa aone haya. Nafurahi, lakini furaha hiyo inaniuma. Nimefanya kazi kwa lugha hiyo maisha yangu yote, na aliyenipa neno langu la kwanza aliishi nami miaka mingi nikiwa mtu mzima. Hatukuwahi kuizungumza pamoja, hata kusalimiana.