Sabuni Tatu kwa Ngozi Moja

Kifungua mimba wangu alizaliwa na ngozi nyororo kupita kiasi. Ukimshika kidogo tu, alama inabaki. Wiki ya tatu alitoka vipele shingoni na mgongoni, kichwa kikaota magamba, nywele zikaanza kunyonyoka. Kila nikimtia majini alilia mpaka sauti ikakauka. Sikuwa na shida nyingine duniani: nilitaka apone kabla ngozi haijachanika.

Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Masisi kuja kunilea, alimpaka siagi ya ng'ombe. Nikamwambia wazi kwamba siagi ndiyo inamharibu.

"Siagi haiyaua mutoto hata mumoja kwetu," alinijibu, akanigeuzia mgongo.

Nilikasirika. Nikanunua sabuni ya maji ya watoto, isiyo na manukato, ya mwili na nywele. Vipele vikazidi. Nikanunua ya pili, kisha ya tatu. Vikazidi tu, na chupa zikajaa dirishani.

Jambo moja tu hatukuligombania: maji. Ya bomba yana dawa, tulisema, yatamuunguza. Kwao milimani mtoto mchanga huoshwa kwa maji ya mvua. Mama mkwe akatega beseni chini ya mabati yetu hapa Katoyi, mjini Goma, nami nikamsifu. Mara ile moja tulipopatana, ndipo tulipokosea.

Muuguzi wa kituo cha afya hakuzitazama hata chupa zangu.

"Mama, unamuoshaka na mayi gani?"

"Ya mvula, muganga. Iko safi."

"Safi kule mulima. Huku inapita mu moshi ya volkano, inafika kwa bati iko mukali sawa ndimu. Chemusha mayi ya robine, uache ipowe."

Niliona aibu, halafu hasira. Mimi mzaliwa wa Goma! Moshi ule nauona kila asubuhi. Najua unavyounguza majani ya maharagwe na kutoboa mabati mapya. Lakini sikujiuliza hata mara moja.

Jioni ile nilimwosha kwa maji ya bomba yaliyochemshwa na kupoa. Hakulia. Alitulia akinitazama, vidole vyake vikicheza majini.

"Kumbe anapenda kuoga," alisema mama mkwe.

Majuma yote yale nilikuwa nimembana mikono ndani ya beseni nikimkemea, "Nyamaza, hakuna kitu inakuuma."