Mraba Mwekundu Katika Sebule ya Kilibula

Wiki ile risasi zilikuwa zinasikika milimani na barabara ya Bukavu imefungwa, lakini mimi na mwenzangu wa darasa tulikuwa na shida yetu nyingine: vidoti havikutaka kutembea.

Tulikuwa wanafunzi wa saikolojia, wa mwaka wa mwisho, tukiandaa kazi ya kumaliza masomo juu ya macho na umakini. Profesa wetu, aliyekwama Bukavu, alikuwa ametupatia programu ndani ya kle, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ilitakiwa kuonyesha vidoti vyeupe vikikimbia na kugonga kingo za kioo. Mtu anahesabu vinavyogonga, na wakati yuko kwenye kuhesabu, mraba mwekundu unakatiza kioo taratibu. Tulitaka kujua nani atauona.

Kila tukiifungua, kioo kilibaki cheusi. Intaneti ilikuwa imekatwa, hatukuwa na wa kumuuliza. Tulikaa sebuleni kwa mama yake mwenzangu, mtaani Kilibula, kompyuta ikila umeme wa paneli ya jua, tukaitoa programu na kuiweka upya mpaka nikaanza kuitukana kwa Kifuliiru. Halafu mwenzangu akaliangalia jina la folda yetu, tulilokuwa tumeliandika kwa Kifaransa.

"Pengine haipendi kale kamustari juu ya e," akasema.

Nilikafuta kwa kumridhisha tu. Vidoti vikamwagika kioo kizima, vinakimbia, vinagonga, vinarudi. Tulishikana mikono tukarukaruka mpaka meza ikayumba.

Mama yake alitoka jikoni kuangalia kuna nini. Alikuwa anauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, bandarini Kalundu, ila siku hizo mitumbwi haikuwa inatoka, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Tukamkalisha. Alihesabu kwa vidole, macho hayapepesi. Mraba ukapita mbele yake wote mzima.

"Mama, hukuona kitu kingine?" nikamuuliza.

"Kitu gani? Mulisema nihesabu, nimehesabu."

Tulianguka kwa kicheko. Programu ilikuwa inafanya kazi! Tukamrudishia toka mwanzo, tukamwambia asihesabu, aangalie tu. Akaweka mkono mdomoni.

"Hii mumeiweka sasa hivi," akasema, na yeye akaanza kucheka.

Mtaa wote ulikuwa kimya, watu wamejifungia, na sisi tunacheka hivyo. Mlango ukasukumwa. Akaingia askari, bunduki mkononi, kutoka barrière, kizuizi cha barabarani pale kwenye kona.

"Vita iko, nyinyi muko munacheka nini?"

Mimi nikasema, "Shefu, ni masomo. Kazi ya shule."

"Masomo gani ya kuchekesha?"

Kabla sijajibu, mama, ambaye furaha ilikuwa haijamtoka, alishamvutia kiti. "Kaa, mwanangu. Na weye uhesabu."

Akakaa. Akaibana bunduki kati ya magoti, akahesabu midomo inacheza kama mtu anayesali. Alipata hesabu sawasawa, akajivuna kidogo. Nikamuuliza kama ameona kitu kingine.

"Hakuna kitu kilipita," akasema.

Nikamrudishia. Alipouona mraba, alikisogelea kioo. Ndipo nilipoelewa tumefanya nini: tumemwonyesha mtu mwenye bunduki kwamba hakuona. Nilitazama mikono yake. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Na mimi ndiye waliweka ku barrière," akasema kwa shida, "niangalie wenye kupita."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Akataka arudishiwe tena, na tena. Kisha akaenda kumwita mwenzake, akamweka kwenye kiti kile kile na kusimama nyuma yake, amejiziba mdomo asitoe siri. Yule naye hakuona kitu. Waliondoka wakisukumana kama wanafunzi wanaotoka darasani.

Tulifunga mlango. Nikakaa chini sakafuni. Mwenzangu akakaa kando yangu, tukacheka tena, safari hii tumeuma vitenge ili tusisikike. Mama alikuwa amerudi mbele ya kompyuta, anatutaka tuanzishe upya.

Barabara ilipofunguka profesa alirudi, na kazi yetu tuliitetea vizuri. Wale askari hatukuwaweka ndani yake, kwenye orodha ya watu tuliowapima.

"Tungeandika nini?" mwenzangu aliniuliza. "Hata umri hatukuwauliza."