Leso Nilimtilia Begini Mwenyewe

Jamani, mwanangu amezuiwa mlangoni pa hekalu, na saluni nzima ya Ilford, huku ughaibuni, inatazama!

Zuhura wangu, yule nesi, yuko Bangkok likizo. Leo asubuhi nasukwa nywele, nikampigia video ili wenzangu waone mahekalu ya dhahabu. Ndiyo, nilijisifu. Nesi ni wangu, nani atanizuia?

Kufika mlangoni, mlinzi akamtazama miguu, akatikisa kichwa.

Kaptula!

Nikapiga kelele, "Zuhura! Na leso ya kujifunga niliyokutilia begini?"

"Mum, iko hotelini. Nimefungia vikombe nilivyonunua sokoni, visivunjike."

Leso mpya! Vikombe vimesitirika, mtoto wa Mombasa yuko mapaja nje kwenye nyumba ya ibada ya watu.

Mama Saumu wa kiti cha pili, kichwa kimejaa rangi, akanichoma: "Si ulituambia umelea?"

Basi Zuhura akanunua hapo hapo suruali pana yenye picha za ndovu, akaivaa juu ya kaptula, akaingia anacheka. Mimi uso sina pa kuuweka.

Nikafungua mdomo nimkanye. Mama Saumu akaninyang'anya simu!

"Mwanangu, hiyo suruali ya kijani iko? Mwili wangu unaujua."

Wakaja wote, hata msusi akaniacha na nywele nusu. Kila mtu anaagiza. Hakuna aliyeuliza habari za hekalu tena.

Hebu niambieni, hawa ni marafiki kweli?

Na wewe Zuhura, ukisoma hapa, bado nimekasirika. Yangu iwe ya zambarau.