Lami Iliyomvua Mhandisi Kiatu

Saa mbili asubuhi, jua la Dodoma limeshachachamaa, na Bupe Mwakalinga yuko kwenye sufuria. Amevaa glavu hadi viwikoni, anakoroga kokoto, mchanga na lami. Anachungulia kipimajoto: nyuzi 155.

"Bado kidogo," anasema.

Bupe (44) ni fundi wa maabara katika kambi ya ujenzi wa barabara karibu na Buigiri. Kazi yake ni kutafuta mchanganyiko utakaodumu. Jirani yake wa Nkuhungu, Mwanahawa, aliposikia kwamba Bupe anapika lami, alishika neno "anapika" tu. Mwaka mzima akanung'unika: mpishi gani huyu asiyeleta nyumbani hata ukoko?

"Lami ikipungua, kokoto zinaachiana," Bupe anaeleza. "Ikizidi, jua likiwaka barabara inatoka jasho."

Oktoba iliyopita jasho lilimtoka yeye. Msimamizi wake, mhandisi Ludovick, alitarajia wageni kutoka makao makuu ya kampuni, akataka kipande cha barabara cha majaribio king'ae. Bupe alikuwa ameandika asilimia tano ya lami. Mhandisi akaagiza sita na nusu. Bupe akakataa kusaini. Akaambiwa kwamba mafundi wenye kalamu nyepesi wapo wengi. Aliogopa, anakiri, ana watoto wawili sekondari na mume mgonjwa wa mgongo.

Kipande kikamwagwa bila saini yake, kikang'aa kama paja la kuku wa kukaanga.

Wageni walifika siku tatu baadaye, saa nane mchana. Ludovick akasimama katikati ya kipande kueleza uimara wake, na akaeleza kwa kirefu mno. Alipogeuka, mguu ulikuja, kiatu kikabaki. Akaurudisha mguu kukifuata, soksi nayo ikanasa.

Bupe akapima joto la barabara: nyuzi 61. Hakucheka, anasema, kwa kuwa alikuwa ameuma meno.

Mkuu wa wageni, mama mmoja aitwaye Emilia, akauliza nani alisaini kipimo kile. Ndipo Ludovick, amesimama kwa mguu mmoja, akatamka neno ambalo Bupe anamheshimia hadi leo.

"Dada Bupe alikataa. Kosa ni langu."

Kipande kilikwanguliwa, kikamwagwa kingine kwa asilimia tano. Malori yamekipita masika nzima, hakijabonyea.

Mwakani kambi inahamia upande wa Mpwapwa, na Bupe ameshaagiza kokoto za huko azijaribu mapema.

"Natamani miaka ishirini ipite pasiwe na mtu wa kuniulizia," anasema. "Barabara ikiwa nzuri, watu huzungumzia wanakokwenda."