Mama mkwe na bendi ya Wajerumani

Jamani, mama mkwe mtarajiwa ameamini nimeokoka, na sababu ni bendi ya Wajerumani.

Leo mchana nimempokea uwanja wa ndege, hapa Dallas. Ametoka Nakuru kuja kunikagua kabla hajakubali nimuoe binti yake. Swali lake ni moja tu: huyu kijana ameokoka au la?

Nikawasha gari. Nikasahau CD ya hiyo bendi niliyoacha kwenye redio; ikaanza kupiga.

Sasa, hii bendi ni ya miaka ya sabini. Jazi na roki pamoja, wimbo mmoja dakika kumi na nane. Saksafoni inalia, ngoma zinakimbizana, halafu mwimbaji anapiga mayowe kwa Kijerumani.

Nikabonyeza CD itoke. Imekwama. Jasho likanitoka, na AC iko juu.

Nikanyoosha mkono nizime redio yenyewe. Mama akaudaka.

"Wee, usimkatize! Huoni ananena kwa lugha?"

Nikarudisha mkono kwenye usukani. (Ninyi mngesema nini?)

Mpaka tunaingia Mansfield, mji ninakoishi, amefumba macho, anaitikia, "Amina! Pokea, Baba!" Gitaa lilipopanda, akainua mikono yote miwili.

Nilipoegesha, akafuta machozi.

"Mwanangu, nilikuwa na wasiwasi na wewe. Jumapili unipeleke kwa huyo mtumishi."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Leo ni Ijumaa. Nani anajua kanisa lolote, hata Houston, lenye mpiga saksafoni? Mchungaji akiwa Mjerumani, nitashukuru zaidi.