Hajja na Filamu ya Bukhara

Nilipokuwa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzazi wa bosi, ajuza tuliyemwita Hajja. Alizaliwa Bukhara, kule Uzbekistan. Wakomunisti wa Urusi walipoanza kufunga misikiti, wazazi wake walitoroka naye akiwa angali mtoto wa kubebwa. Marehemu mama yake alimwambia kwamba nyuma yao hakukubaki mtu.

Alasiri moja runinga ikaonyesha filamu ya historia ya nchi hiyo: mashamba ya pamba, msikiti uliogeuzwa ghala, kisha mwanamke akibandika mikate ndani ya tanuri la udongo huku akipiga soga na jirani kwa Kiuzbeki. Kabla msimulizi hajatafsiri kwa Kiarabu, Hajja alikwisha kucheka. Halafu kicheko kikamkatika.

"Mama alisema mafi, hakuna mtu," akaniambia. "Sasa hawa ni nani?"

Tangu hapo hakutulia. Alizunguka sebule, akafungua kabati na kulifunga, chai ikapoa. Wasiwasi wake ukaniambukiza. Kila mara nilijikuta dirishani nikiwaza kwetu Kakamega, na pasipoti yangu ameifungia bosi, ambaye ndiye alikuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi.

Kesho yake Hajja alivaa abaya, akafungua geti. "Yalla, twende uwanja wa ndege!"

Nilikimbia nimrudishe. Aliponishika mkono, nikashangaa miguu yangu inamfuata. Tulifika duka la kona, akaketi kizingitini kwa uchovu. Mwenye duka akampigia bosi simu.

Bosi alikuja akinifokea. "Unampeleka wapi mama yangu?"

"Mwache. Mimi ndiye niliyemtoa," Hajja akajibu, kisha akaendelea kwa Kiuzbeki, maneno yakimtoka mbiombio. Bosi hakujua hata neno moja la lugha hiyo.

Daktari hakumruhusu Hajja kusafiri. Bosi akazunguka mji mpaka akampata mzee mmoja mwoka mikate, mwenye asili ya Bukhara, akamleta nyumbani Ijumaa. Nilipoingia na chai niliwakuta wazee wawili wakibishana, Hajja akipiga meza kwa kiganja, mashavu yamemwiva. Bosi alikaa katikati, akigeuza shingo huku na huku.

"Mama, unasema nini?" aliuliza. "Anakuambia nini?"

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.